Mwendeshaji Akianguka Katikati ya Safari: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Kujitolea

Kila msafara wa baiskeli kosa ni lile lile. Mwendeshaji anaanguka, watu saba wanamkimbilia. Wawili wanamshika makwapani na kumsimamisha, mmoja anamtia maji mdomoni, mwingine anapiga picha. Lori linakuja nyuma yao na hakuna hata mmoja aliyeligeukia. Dakika kumi baadaye majeruhi amepakiwa mshikaki kwenye bodaboda, shingo inacheza huku na huku, anakimbizwa zahanati ambayo Jumapili haifunguliwi.

Watu hawa wana moyo. Wanachokosa ni mpangilio: nani anafanya nini, na kipi kinatangulia kipi. Nimeandika nikiifikiria barabara ya Dar es Salaam hadi Tanga kupitia Chalinze, kilomita 350 hivi, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa miguu na kwa magurudumu. Barabara yako ikiwa nyingine, badilisha majina ya miji tu.

Angalizo moja kabla hatujaanza: kusoma hapa hakutoshi. Kusukuma kifua na kumgeuza mtu mwenye jeraha la shingo ni mambo ya kufanyia mazoezi kwa mikono. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kinatoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Wapeleke angalau watu wawili wa kila gari la msaada linalofuatana na msafara.

## Vitu vya kuwa navyo

Kila gari la msaada libebe begi lake. Begi moja lililoko gari la mbele halimsaidii aliyeanguka kilomita 15 nyuma.

- Glavu, jozi kumi au zaidi. Damu ya mtu usiiguse mikono mitupu, hata ya ndugu yako.
- Gozi, bandeji pana za kuvuta, plasta ya kunata na mkasi unaokata nguo.
- Kanga mbili. Ukiikunja kanga kona kwa kona unapata kitambaa kizuri cha kuning'inizia mkono. Ikifunguliwa inakuwa kivuli, pazia au shuka.
- Maboksi matupu ya maji ya chupa. Boksi likikunjwa mara mbili au tatu ni gango safi, yaani kitu kigumu cha kuushikiza mkono uliovunjika usicheze.
- Tyubu kuukuu za baiskeli za kufungia gango.
- Maji safi lita 10 yasiyoguswa na mtu kwa kunywa, sabuni, na pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudishia maji mwilini).
- Pembetatu za tahadhari mbili, reflekta za kuvaa nne, filimbi, tochi ya kichwani.
- Kalamu ya wino mzito na daftari. Simu huzima, karatasi haizimi.
- Pesa taslimu. Mtandao wa kutuma pesa ukikatika, dirisha la malipo la hospitali halitakusubiri.

Kila mwendeshaji naye abebe kadi ndani ya mfuko wa plastiki: jina kamili, namba mbili za ndugu, maradhi aliyonayo, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, na namba ya bima kama anayo. Wengi huhangaika kujaza kundi la damu. Acheni, hospitali watapima wenyewe hata ukiwaandikia. Ugonjwa wa sukari, kifafa na pumu ndiyo visiachwe.

## Kazi ya wiki moja kabla

Andika hospitali zilizoko njiani kwa mpangilio wa kilomita, kisha pata namba ya simu ya idara ya dharura ya kila moja. Piga, usikie mtu akipokea. Kwenye njia yetu unaanza na Tumbi pale Kibaha, halafu Msoga karibu na Chalinze, na mwisho Bombo Tanga mjini. Kati ya Chalinze na Tanga kuna zaidi ya kilomita 200, na humo ndimo watu hupotezea muda wakibishana. Ukiwa Segera, hospitali ya Magunga ya Korogwe iko karibu kuliko Bombo, ingawa inabidi uache njia ya msafara na kukata kuelekea upande wa Moshi. Ukishapita Hale, Muheza ndiyo jirani. Maamuzi haya yafanywe mezani, na ramani mkononi, siyo kando ya lami.

Kwa dharura namba ya bure ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Zihifadhi. Lakini usijenge mpango wako wote juu ya ambulensi kutokea mbali. Panga kana kwamba gari lenu ndilo litakalombeba, ikija ambulensi mshukuru Mungu.

Mwisho gawa majukumu manne kwa majina: mshika barabara, mshika kichwa, mkaguzi wa majeraha, mpiga simu. Mkiwa wawili tu garini, kila mmoja ana mawili. Aliyekuwa dereva ndiye mshika barabara siku zote, maana anajua magari yanavyokuja.

## Hatua ya 1: Shika barabara kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ukiweka alama mita 50 nyuma ya majeruhi, dereva ana sekunde mbili na ushee za kuona, kuelewa na kukanyaga breki. Hazitoshi. Weka ya kwanza mita 200 nyuma, ya pili mita 100. Kama ajali iko chini ya kilima au baada ya kona, alama ya kwanza ipande hadi pale dereva anapoiona kabla hajaanza kushuka. Mteremko wa kwenda daraja la zamani la mto Wami ulikuwa mfano mzuri: malori yaliyosheheni yalishuka pale kwa kasi ambayo hata dereva mwenyewe hakuifurahia.

Pembetatu zikiwa hazitoshi, kata matawi uyapange barabarani kama madereva wetu wanavyofanya siku zote. Kila dereva wa nchi hii anaelewa majani mabichi kwenye lami. Ukiondoka yaondoe, yasije yakaangusha mwingine usiku.

Egesha gari la msaada upande zinakotokea hatari, taa zote zikiwaka, likiwa kati ya majeruhi na magari yajayo. Waendeshaji wengine watoke kabisa nje ya lami na baiskeli zao. Hapo ndipo penye ubishi, kila mtu anataka kusimama karibu na rafiki yake. Mshika barabara awe na sauti.

Umefaulu kama magari yanapita polepole, na hakuna anayelazimika kuruka pembeni.

## Hatua ya 2: Mzuie asiinuke

Aliyeanguka karibu kila mara anataka kusimama haraka, kwa aibu zaidi kuliko kwa nguvu. Mzuie. Shingo iliyovunjika inaweza isiume sana dakika za mwanzo, na mtu ambaye miguu yake bado ina uhai anaweza kuupoteza kwa kujigeuza vibaya.

Mkaribie kwa mbele, aweze kukuona bila kugeuza kichwa. Piga magoti, sema: "Kaka, tulia hapo hapo, usigeuze shingo. Mimi ni wa gari la msaada, nitakushika kichwa." Kama ni mtu mzima mwite baba au mama, sema taratibu, shikamoo itasubiri. Mshika kichwa aweke viganja viwili pande mbili za kichwa, viwiko vikiegemea chini, na asiachie mpaka aambiwe.

Helmeti iacheni mahali pake kama anapumua vizuri. Inatoka tu ikiwa inazuia pumzi au mdomo umejaa damu na hamwezi kuusafisha.

Umati utakuja, hata kama dakika moja iliyopita ulidhani hapo ni porini. Usiufukuze, upe kazi. Vijana wawili washike kanga iwe kivuli, mmoja alinde baiskeli, mwingine azuie wapiga picha. Ukimwambia mtu "toka" anakaa. Ukimwambia "nisaidie kushika hapa" anakuwa mwenzako. Kama majeruhi ni mwanamke na nguo zimechanika, kanga ya pili inamfunika kabla ya jambo lingine, na akaguliwe na mwanamke ikiwezekana.

## Hatua ya 3: Damu, pumzi, akili

Fuata mpangilio huo huo.

Damu inayoruka au kutiririka. Vaa glavu, weka gozi au kitambaa safi, kandamiza kwa kiganja kwa nguvu zako zote. Dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kuchungulia jeraha. Kila unapochungulia unaanza upya. Gozi ikilowa ongeza nyingine juu yake, ya chini usiitoe. Kama ni mkono au mguu na damu inagoma kabisa, funga kitambaa kipana sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo, zungusha kwa kijiti mpaka damu ikome, andika saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu ya wino, na usilegeze mpaka hospitali. Kamba nyembamba au waya hukata nyama tu, damu inaendelea.

Pumzi. Angalia kifua kwa sekunde 10. Kama hajibu na hapumui sawasawa, au anatweta mara moja moja kama samaki, anza kusukuma katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa apulize mara mbili kila baada ya misukumo 30. Ambaye hajafunzwa asukume tu. Pokezaneni kila dakika 2, kwa sababu anayechoka hajui kama amechoka. Anayepumua lakini hajitambui mgeuzeni alale ubavu, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja, ili matapishi yasimzibe koo. Hapa pumzi inatangulia hofu ya shingo.

Akili. Muulize maswali ambayo jibu lake unalijua: "Tuko wapi sasa? Mara ya mwisho tulisimama wapi kunywa maji? Asubuhi tumeondokea wapi?" Usimuulize jina lake tu; mtu anaweza kulitaja jina lake huku hajui hata kama yuko juu ya ardhi. Rudia baada ya dakika 10 na uandike majibu.

## Hatua ya 4: Piga simu yenye maneno sita

Mpiga simu anaanza kazi wakati hatua ya 3 ikiendelea. Wengi hupiga na kulia: "Jamani njooni, mwenzetu kaanguka!" Kisha laini inakatika, na aliyepokea hajui aende wapi.

Sema kwa mpangilio: *mahali, wangapi, hali, damu, gari, namba yako.* Mfano: "Tumepita Lugoba, tunaelekea Msata, kigingi cha kilomita kinasoma hivi. Majeruhi mmoja. Anaongea lakini anachanganyikiwa. Damu imesimama. Tuna Noah moja. Nipigie kwa namba hii hii." Vigingi vya kilomita pembeni mwa barabara vinasaidia kuliko mti mkubwa au duka la rangi ya bluu. Tuma na lokesheni kwa WhatsApp, lakini usiitegemee. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi wa kawaida hupenya pale simu inapokwama.

Umefaulu kama aliyepokea amekurudishia maelezo yako kwa usahihi.

## Hatua ya 5: Kagua kichwa hadi kidole

Papasa taratibu bila kumsogeza: kichwa, shingo, mtulinga (mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani), kifua, tumbo, nyonga, mapaja, miguu. Uliza kama kuna ganzi. Mwambie achezeshe vidole vya mikono na miguu.

Mtulinga ndio mfupa unaovunjika sana kwa waendeshaji, maana mtu akirushwa hutanguliza mkono au bega. Utaona bega limeshuka, na yeye ameukumbatia mkono wake mwenyewe. Ning'iniza mkono kwa kanga, basi. Usijaribu kuurudisha mfupa, hata kama mtu kwenye umati anakuambia babu yake alikuwa mganga wa mifupa.

Mkono au mguu uliopinda ufunge gango kama ulivyo. Baada ya kufunga, bonyeza ukucha uwe mweupe kisha achia: rangi ikirudi ndani ya sekunde 2, damu inapita. Ikichelewa, legeza.

Michubuko ya lami inatisha kwa macho lakini kwa kawaida haiui. Mwagia maji safi mengi, toa changarawe zinazotoka zenyewe, funika. Marufuku: mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu, unga wa kahawa. Vyote nimeviona vikipakwa. Mkumbushe kuuliza sindano ya pepopunda akifika hospitali.

Swali moja husahaulika: *nini kilimwangusha?* Kama alianza kuyumba na kuongea ovyo kabla ya kuanguka, na mwili unawaka moto, huenda jua ndilo lililomwangusha. Huyo hapakiwi kwanza, anapozwa kwanza. Kivulini, maji mwili mzima, kupepea kwa nguvu, huku gari likiandaliwa. Mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho apewe kitu kitamu, ikiwa anaweza kumeza.

Zaidi ya hapo, hapewi chakula wala kinywaji mwenye jeraha kubwa au fahamu zinazokuja na kuondoka. Anaweza kupaliwa, na anaweza kuhitaji upasuaji. Diklofenaki na aspirini zikae mbali na aliyegonga kichwa, maana zinaongeza uwezekano wa kuvuja damu.

## Hatua ya 6: Amua, na usibembelezwe

Atakuambia "niko fiti." Ameshafanya mazoezi miezi sita, amechangiwa pesa, wenzake wanamsubiri Tanga. Utaona huruma. Sheria ziwe zimeandikwa na kusomwa kwa wote kabla ya safari, ili usionekane unamwonea.

Safari yake imeisha leo kama aligonga kichwa na ana dalili yoyote: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau, kujibu polepole. Vivyo hivyo kama helmeti imepasuka, hata akisema hajisikii chochote.

Hospitali mara moja kama alipoteza fahamu, anatapika tena na tena, amepata degedege, anaona vitu viwili viwili, shingo inauma, ana ganzi au udhaifu wa viungo, tumbo limekuwa gumu, anapumua kwa shida, au anazidi kubabaika. Ngozi baridi yenye jasho na mapigo ya haraka ni dalili kuwa damu inapotea ndani.

Anaweza kuendelea aliyechubuka tu, anayejibu maswali yote, anayetembea na kubana breki kwa mikono miwili. Huyo apumzike dakika 20, na gari la nyuma limfuate kilomita chache.

## Hatua ya 7: Kumbeba

Bodaboda hapana, hata kama ni kilomita mbili. Bajaji ni kwa mwenye mkono ulioning'inizwa tu, anayekaa mwenyewe. Mwenye hofu ya shingo au mgongo alale chali juu ya kitu kigumu: ubao wa kitanda, mlango uliong'olewa, benchi pana. Ambulensi ikiwa njiani na hali imetulia, msubirini. Kama haiji, au pumzi na damu vinadai haraka, mnambeba nyinyi.

Mnahitajika watano. Mshika kichwa ndiye anayetoa amri, hakuna mwingine. Watatu wanapiga magoti upande mmoja: begani, nyongani, magotini. Wa tano anashika ubao upande wa pili. "Tukifika tatu tunamgeuza kwenu. Moja, mbili, tatu." Mwili unageuka kama gogo, pua na kitovu vikielekea upande mmoja muda wote. Ubao unasukumwa chini ya mgongo, anarudishwa taratibu. Nguo zilizokunjwa huwekwa pande mbili za kichwa, kisha anafungwa kifuani, nyongani na mapajani. Kichwa kifungwe mwisho.

Kwenye Noah au Hiace kunja viti aweze kulala. Nyuma ya pikapu panafaa tu pakiwa na godoro na watu wawili wa kumshika. Dereva aambiwe: haraka si kazi yake, ulaini ndiyo kazi yake. Matuta ya Chalinze yatammaliza majeruhi kabla ya jeraha lenyewe.

## Hatua ya 8: Hospitali na PF3

Majeraha ya ajali ya barabarani yanaambatana na fomu ya polisi namba 3, PF3. Mgawanyo ni huu: mmoja anakwenda na majeruhi moja kwa moja hospitali, mwingine anakwenda kituo cha polisi kuchukua fomu. Msimpitishe anayevuja damu kituoni kwanza. Mkidaiwa fomu mlangoni, sema kwa adabu na bila kuondoka: "Mwenzetu yuko kituoni anaileta, tunaomba ahudumiwe kama dharura." Ikiwa gari lilimgonga, andika namba zake na uache baiskeli ilipoangukia mpaka polisi waone, isipokuwa inahatarisha wengine.

Mkabidhi mhudumu karatasi yenye mistari minne: saa na namna ya ajali, majeraha uliyoyaona, hali yake mwanzo na sasa, ulichompa au kumfanyia. Muuguzi aliyezidiwa na wagonjwa hatasikiliza hadithi ya dakika tano, lakini karatasi ataibana kwenye faili.

Mtu mmoja wa msafara abaki mpaka ndugu afike. Ndiye atakayekimbilia duka la dawa, kulipa na kutafuta chakula. Nimewahi kukuta majeruhi ameachwa kwenye machela kwa muda wa saa nne, simu imezima, kila mtu akidhani yuko na mwenzake. Jina la anayebaki liandikwe kwenye daftari.

## Hatua ya 9: Ndugu, usiku wa kwanza, na baiskeli

Apige simu mtu mmoja tu, naye awe na sauti tulivu. Aseme yuko hospitali gani, anaongea au haongei, na nani yuko naye. Neno "usijali" lisitumike. Likitamkwa tu, watu wanaanza kujali. Picha zisiingie kundi la WhatsApp kabla ya simu hiyo.

Akiruhusiwa kutoka siku hiyo hiyo baada ya kugonga kichwa, asilale gesti peke yake. Mtu akae naye saa 24. Aruhusiwe kulala, ila dalili za hatua ya 6 zikijitokeza anarudishwa hospitali usiku ule ule. Pombe na kuendesha chombo chochote, hapana.

Baiskeli mkabidhi mwenyekiti wa kitongoji au kituo cha polisi kwa maandishi, namba ya fremu ikiwemo, kama gari halina nafasi. Isipandwe na mtu kabla fundi hajaangalia uma wa mbele na usukani. Ufa mdogo huko unangoja mteremko ujao.

Helmeti iliyogonga lami haivaliwi tena. Kata mikanda yake kwa mkasi ule ule wa begi la dharura kabla hujaitupa, la sivyo wiki ijayo utaikuta mnadani Msata, imefutwa vumbi, na muuzaji akikuapia ni mtumba wa Ulaya.